Kirikuu ni gari la kutoka shambani hadi gulioni, si la kwenda Kariakoo

Gari la Kijapani la viti viwili linapotajwa, wengi duniani hufikiria magari ya starehe: Mazda MX-5 iliyoingia sokoni mwaka 1989, Toyota MR2, au vigari vya mbio vya mwaka 1991 kama Honda Beat na Suzuki Cappuccino. Wilayani Lushoto nako vipo viti viwili vya Kijapani, tena vingi. Tofauti ni kwamba nyuma ya viti hivyo kuna bodi, na juu ya bodi kuna kabichi, karoti, viazi mviringo na matenga ya nyanya. Gari hilo ni Suzuki Carry, ambalo Watanzania wamelipa jina la kirikuu.

Undugu wa magari hayo mawili si wa viti peke yake. Suzuki Cappuccino za mwanzo zilitumia injini ya ukoo uleule wa F6A uliofungwa katika Carry za miaka hiyo, isipokuwa ya starehe iliongezewa turbo. Honda Beat nayo ilichangia ukoo wa injini na pikapu ndogo ya Honda Acty. Mtengenezaji yuleyule alichukua injini moja ndogo, upande mmoja akaipa kazi ya kufurahisha vijana na upande mwingine akaipa kazi ya kubeba mazao.

Kirikuu imefanya mengi mazuri katika milima ya Usambara, na mkulima anayetamani kuwa nayo hatamani upuuzi. Hata hivyo, katika maskani na vijiwe vya biashara linazungumzwa zuri lake tu. Wapo wanaouza kipande cha shamba au kuchukua mkopo wa SACCOS kununua gari hilo bila kukaa chini na kalamu. Matokeo yake, gari lililotarajiwa kumwinua mkulima humgeuza kuwa mfanyakazi wa gereji na kituo cha mafuta. Pale mzigo unapozidishwa katika mteremko wa kwenda Mombo, kinachopotea kinaweza kuwa zaidi ya fedha.

Gari lililozaliwa kwa ajili ya wakulima

Kirikuu haikutengenezwa kwa kubahatisha. Japani ina daraja maalumu la magari madogo, lililoanza mwaka 1949, ambalo wenye magari hupata nafuu ya kodi na bima ili mradi gari lisivuke vipimo vilivyowekwa. Kwa vipimo vinavyotumika sasa, injini isizidi sentimita za ujazo 660, urefu wa gari usizidi mita 3.4, upana usizidi mita 1.48 na kimo kisizidi mita 2. Pikapu ya daraja hilo inaruhusiwa kubeba mzigo usiozidi kilo 350.

Suzuki ilitoa Carry ya kwanza mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru. Mwaka huohuo Subaru nayo ilitoa Sambar, pikapu ndogo ambayo injini yake iko nyuma. Kwa sababu hiyo Wajapani waliibatiza kwa utani jina la Porsche ya barabara za mashambani. Utani huo unaonyesha gari hizi ni za nani. Katika nchi yake, pikapu hii ndogo ni chombo cha mkulima mwenye eneo dogo, anayetoka nyumbani hadi shambani na kutoka shambani hadi ghala la ushirika. Safari zake ni fupi na mzigo wake ni mdogo, lakini kazi ni ya kila siku.

Mkulima wa Lushoto naye ana eneo dogo, tena limegawanyika: kipande kimoja bondeni, kingine mlimani, kingine ng'ambo ya mto. Kwa maana hiyo gari na mkulima vimekutana vizuri. Tatizo huanza pale gari linapotolewa kwenye kazi hiyo na kupewa kazi ya Canter au Fuso.

Nguvu zake

Uzuri wa kwanza wa kirikuu ni wembamba wake. Barabara nyingi za vijijini katika maeneo ya Mlola, Rangwi, Mtae na Shume zimechongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja ni ukuta wa udongo, upande mwingine ni korongo. Canter ikikutana na gari jingine mahali hapo, mmoja lazima arudi nyuma. Kirikuu hupita, na hugeuza mahali padogo kwa sababu nusu kipenyo ya mzunguko wake ni kama mita 4. Maana yake ni kwamba gari linafika karibu na tuta lenyewe, na gunia halibebwi kichwani kilomita nzima na akina mama au vijana wa kibarua.

Uzuri wa pili ni bodi. Ina urefu wa karibu mita 1.9 na upana wa mita 1.4, iko chini, na kuta zake hufunguka pande tatu. Mtu mmoja anaweza kupakia bila kuhitaji wapakiaji wanne. Kwa mazao laini kama nyanya, pichi na matunda damu, jambo hilo ni fedha. Tenga lililoinuliwa mara moja na kushushwa mara moja hufika sokoni likiwa na nyanya nyingi nzima kuliko lililorushwa mara nne.

Tatu, baadhi ya kirikuu huvuta magurudumu yote manne. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, udongo mwekundu wa milimani hugeuka kuwa sabuni. Gari la kuvuta magurudumu mawili husubiri jua litoke, wakati karoti zilizokwisha kuoshwa hazisubiri. Anayenunua kirikuu kwa ajili ya vijiji vya juu asikubali kubanwa na tofauti ya bei akaacha ile ya magurudumu manne. Ajue tu kwamba mtambo huo wa kuunganisha magurudumu yote ni wa matope na utelezi. Kuutumia katika lami kavu ni kuutafuna.

Nne, Japani na Tanzania zote huendesha magari upande wa kushoto, hivyo usukani uko mahali pake na hakuna cha kubadilisha. Injini ni ndogo na mafundi wengi wameizoea. Oili inayoingia ni chini ya lita 3. Tairi zake ni ndogo na bei yake haifanani na ya tairi za lori.

Lakini nguvu iliyo kubwa kuliko zote haionekani kwa macho, nayo ni nguvu ya kukataa bei. Mnunuzi anapofika shambani na kukuta nyanya zimeiva, anajua mkulima hana pa kuzipeleka, na anataja bei kwa kujiamini. Akikuta kirikuu imeegeshwa pembeni ya shamba, mazungumzo hubadilika. Mkulima anaweza kusema hapana, akapakia na kwenda Lukozi, Soni, Lushoto mjini au Mombo kutafuta mnunuzi mwingine. Hata asipoondoka, uwezo wake wa kuondoka tayari umempandishia bei. Huyo ndiye faida ya kwanza kuiandika katika daftari, kabla ya nauli ya mizigo ya watu wengine.

Mlima haudanganywi

Upande wa pili wa sarafu ni uzito. Kirikuu tupu ina uzito wa karibu kilo 700. Kilo 350 zinazoruhusiwa ni nusu ya uzito wake, yaani gunia tatu na nusu za kilo 100. Kirikuu iliyobeba gunia saba imejibeba yenyewe mgongoni. Na gunia linalozungumzwa hapa ni lile halali. Sheria ya vipimo nchini haitaki gunia la mazao lizidi kilo 100, lakini lumbesa inajulikana na kila mkulima. Lumbesa nne hazina kilo 400, na mwenye gari hatajua zina ngapi mpaka azipime.

Mtetezi wa lumbesa atasema kilo 350 ni sheria ya Wajapani, na kwamba chuma hicho kinabeba hata mara mbili. Atanyosha kidole kwenye springi zilizoongezewa majani na kusema gari limeimarishwa. Hoja hiyo ina upungufu mmoja mkubwa. Jani la springi huzuia bodi isilale, lakini haliongezi breki, halikuzi klachi, halipanui rejeta wala halinenepeshi bolti za tairi. Fundi anayeongeza springi ameondoa dalili ya ugonjwa na kuuacha ugonjwa wenyewe. Gari lililokuwa likilalamika kwa kuinama sasa limenyamaza.

Kutoka Lushoto mjini hadi Mombo ni kama kilomita 33 za lami yenye kona kupitia Soni, na katika umbali huo gari hushuka zaidi ya mita 900. Nguvu yote ya mzigo unaoshuka lazima iende mahali. Isipozuiwa na injini kwa kushuka na gia nzito, huishia kwenye breki na kugeuka kuwa joto. Mzigo na gari vikiwa na uzito mara mbili, joto nalo ni mara mbili, wakati ngoma za breki ni zilezile. Breki zikichemka hupoteza ukamataji, na mafuta ya breki yaliyokaa muda mrefu hunywa maji na kuchemka mapema zaidi. Dereva hukanyaga mara ya kwanza akapata breki, mara ya pili akapata kidogo, mara ya tatu mguu ukafika chini. Wakati huo kona inayofuata haiulizi kama mzigo ulikuwa wa mjomba au wa kukodi.

Kupanda nako kuna gharama yake. Hewa ya milimani ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Injini ndogo kama hii, ikiwa katika mwinuko wa Lushoto wa karibu mita 1,400, haina nguvu yote ilizotoka nazo bandarini Dar es Salaam. Ikienda Shume, inakokaribia mita 2,000, imepungukiwa zaidi. Ukiizidishia mzigo, dereva hukanyaga mafuta muda wote, klachi hunuka na rejeta huchemka. Kwa sababu injini iko chini ya viti, abiria ndiye wa kwanza kujua kwa makalio yake.

Kuna mtego mwingine ambao wengi hawautazami. Mizani ya barabara kuu hupima magari ya kuanzia kilo 3,500. Kirikuu haifiki huko hata ikibebeshwa kupita kiasi, kwa hiyo hakuna anayeipima. Wenye magari huchukulia jambo hilo kama bahati. Ukweli ni kwamba Fuso ina mtu wa kuikatalia kabla haijaharibikiwa, na kirikuu inaachiwa mteremko uipime.

Viti viwili na jamii yenye watu wengi

Gari la viti viwili Ulaya ni starehe ya mtu na mwenzake. Kijijini, gari la viti viwili ni gari la watu wote. Mgonjwa akizidiwa usiku, mlango unaogongwa ni wa mwenye kirikuu. Msiba ukitokea, viti vya kukodi na sufuria hubebwa na kirikuu. Harusi, uhamisho wa mwalimu, mabati ya msikiti au ya kanisa, yote hufika mlangoni mwake. Hayo ni mambo ya heshima na hakuna anayepaswa kuyaonea haya, kwani siku moja mwenye gari naye atahitaji watu. Lakini ni lazima yahesabiwe. Mwenye kirikuu asiyetenga fungu la mafuta ya jamii kila mwezi atajikuta anadaiwa na duka la spea, halafu anamnunia jirani asiye na kosa.

Jambo lisilo na mjadala ni kupandisha watu juu ya mzigo. Viti ni viwili: dereva na mmoja. Mwenye mazao, utingo na wapakiaji wawili wanaokalia magunia ya kabichi hawana mkanda wala ukuta wa kuwazuia, na gari lenye upana usiofika mita moja na nusu likipakiwa kwa kimo hupinduka kirahisi kwenye kona. Sheria inakataza, bima ya mizigo haiwatambui, na baba mwenye familia hatakiwi kusubiri askari amwambie. Wapande daladala au pikipiki, na nauli yao iingizwe katika bei ya kukodi.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano wa hesabu, ambao kila mmoja atabadilisha tarakimu kulingana na kijiji chake na bei za siku hiyo, kwa kuwa EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi.

Tuseme kirikuu inafanya safari mbili kwa siku, siku 22 kwa mwezi, yaani safari 44. Kila safari ni kilomita 30 kwenda na kurudi, na kwa milima na mzigo gari linakwenda kilomita 10 kwa lita. Lita 3 kwa bei ya shilingi 3,000 ni shilingi 9,000 kwa safari. Kukodi ni shilingi 20,000. Mapato ya mwezi ni shilingi 880,000 na mafuta ni shilingi 396,000. Dereva akilipwa shilingi 200,000, mwenye gari anabakiwa na shilingi 284,000 mkononi. Hapo ndipo wengi hufunga hesabu na kutabasamu.

Lakini daftari halijaisha. Oili, tairi, breki na matengenezo madogo yakiwekewa shilingi 100,000 kwa mwezi, zinabaki 184,000. Kama gari lilinunuliwa kwa shilingi milioni 12 na linatarajiwa kufanya kazi nzito miaka 5, basi kila mwezi shilingi 200,000 za gari zinaliwa na barabara. Zikitolewa, mwenye gari amepata hasara ya shilingi 16,000, na hapo bado hajalipa bima, leseni ya usafirishaji wala kodi ya mapato. Miezi yote hiyo alikuwa anakula gari lake mwenyewe akidhani anakula faida.

Sasa abadilishe kitu kimoja tu: gari lisirudi tupu. Kama safari ya kurudi italeta mbolea, pumba, saruji, sukari au soda za duka na kuingiza wastani wa shilingi 5,000, kwa safari 44 ni shilingi 220,000. Mafuta yalikuwa yatumike vyovyote vile. Hasara ya 16,000 inageuka kuwa salio la shilingi 204,000. Kwa hiyo swali la kwanza kwa anayetaka kununua kirikuu ni kama ana mzigo wa kurudi nao. Mkulima mwenye duka la pembejeo, au mwenye makubaliano na wenye maduka watatu kijijini, ana sababu ya kununua. Asiye na mzigo wa kurudi anunue tu kama mazao yake mwenyewe ni mengi na ya mwaka mzima.

Mfano huohuo unaonyesha kwa nini Kariakoo si safari ya kirikuu. Kutoka Lushoto hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 350, hivyo kwenda na kurudi si chini ya kilomita 700. Hata gari likienda kilomita 12 kwa lita, ni lita zaidi ya 58, sawa na shilingi 175,000. Kwa mzigo halali wa kilo 350, kila kilo imebeba shilingi 500 za mafuta peke yake, kabla ya dereva, chakula na ushuru wa soko. Safari ya kilomita 30 kwenda gulioni huweka mzigo wa mafuta wa shilingi zisizofika 26 kwa kilo. Kabichi haiwezi kulipa shilingi 500 ya barabara. Anayekwenda Dar es Salaam na kirikuu hulazimika kuzidisha mzigo ili hesabu ikubali, na hapo anarudi kwenye breki zilizokwisha kuelezwa. Safari ndefu ni ya Fuso iliyojaa. Kirikuu kazi yake ni kulijaza hilo Fuso.

Anayenunua aangalie nini

Baada ya kujiridhisha na hesabu, mnunuzi ana mambo machache ya kuzingatia. La kwanza ni umri. Magari makuukuu yanayoingizwa nchini hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, kwa hiyo bei nafuu ya Japani inaweza kupandishwa na forodha. Mamlaka ya Mapato Tanzania ina kikokotoo cha magari yaliyotumika, na mtu asilipe wakala kabla hajajua jumla yake.

La pili ni kutu. Sehemu za Japani zenye theluji humwagiwa chumvi barabarani, na chumvi hiyo hula chesesi kutoka chini huku rangi ya juu ikibaki inang'aa. Kwa gari la kubeba mzigo, chesesi ndiyo uti wa mgongo. Mnunuzi alale chini atazame, au ampeleke fundi anayemwamini yeye, si fundi wa muuzaji. Tarakimu za kilomita kwenye dashibodi zisimpumbaze, kwani hurudishwa nyuma. Pedali zilizolika na kiti kilichobonyea husema ukweli zaidi.

La tatu ni injini na gia. Carry za miaka ya 1990 zenye injini ya F6A hutumia mkanda wa taimingi, ambao historia yake ikiwa haijulikani ni bora ubadilishwe mara moja. Zile za miaka ya 2000 zenye injini ya K6A hutumia cheni, na cheni huishi kwa oili safi. Katika kazi ya milimani, kubadilisha oili kila kilomita 3,000 hadi 5,000 ni akiba, si anasa. Gia za kawaida za kukanyaga klachi zinafaa mteremko kuliko zinazojibadilisha zenyewe.

La nne ni dereva. Gari ni jepesi likiwa tupu na kijana asiyezoea huliendesha kana kwamba ni lile binamu yake la mbio. Mwenye gari anayedai hesabu kubwa kila jioni anamsukuma dereva huyo kuongeza mzigo na kasi, na dereva akichoka humpa deiwaka ambaye mwenye gari hata hamjui. Hesabu ya haki pamoja na dereva mmoja anayejulikana ni bima ya kwanza kabla ya ile ya karatasi.

Si kila mtu anunue

Kama nyumba tano za mtaa mmoja zinalima karoti na kila moja ikanunua kirikuu, zote tano zitakaa chini ya mti zikisubiri mzigo, na bei ya kukodi itaanguka. Busara ni wakulima hao wawe na gari moja au mawili yenye ratiba. Umiliki wa kikundi una matatizo yake, hasa pale matengenezo yanapokosa mwenyewe, lakini yanatibika kwa daftari la wazi, msimamizi mmoja, na mfuko wa matengenezo unaokatwa kwa kila safari kabla fedha hazijagawanywa. Wasioaminiana kiasi hicho waingie mkataba wa msimu na mwenye gari mmoja: wao wampe uhakika wa mzigo, yeye awape bei nafuu.

Serikali nayo ina sehemu yake. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, ikichonga mitaro na kuweka makalavati katika barabara za vijiji vya juu, itapunguza gharama za kirikuu kuliko punguzo lolote la mafuta. Wakala wa Vipimo ikiikazia lumbesa pale magunia yanapofungwa, haitamlinda mkulima dhidi ya mnunuzi peke yake, itamlinda na mwenye gari dhidi ya mzigo asioujua. Polisi wa usalama barabarani hawahitaji mizani kubwa kuzuia kirikuu iliyopakiwa hadi juu ya kibanda kabla haijaanza kuteremka. Kuikamata Mombo, ikiwa imekwisha kumaliza kona zote, ni kuchelewa.

Hayo yote hayaondoi wajibu wa mwenye gari mwenyewe. Kilo 350 zikiandikwa kwa rangi ubavuni mwa bodi, na mizani ndogo ya kuning'iniza ikawekwa chini ya kiti, ubishi kati ya dereva na mwenye mzigo utakwisha. Kirikuu inayobeba gunia tatu na nusu leo, kesho na mwaka wa tatu kutoka sasa itakuwa imemfikishia mkulima mazao mengi kuliko iliyobeba gunia nane kwa miezi sita na kulala gereji. Mkulima wa Lushoto anahitaji gari hilo dogo kwa kazi yake ya kweli: kumtoa shambani, kumfikisha kwa mnunuzi, na kumpa ujasiri wa kusema hapana kwa bei mbovu. Akililazimisha kwenda mbali zaidi ya hapo, amelipunguzia maisha na pengine kujipunguzia yake.